Okidi ya Jirani wa Juu

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pasi, basi. Tangu ujana wake alifanya kazi katika duka la dobi nyuma ya soko, kwenye chumba cha kupigia pasi, chumba chenye bomba la mvuke linalokoroma mchana kutwa na dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani. Mashati ya watu wazito yalipita mikononi mwake, na mara nyingi alijua nani ameanza kuota kitambi kabla mwenyewe hajajua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viganja vilivyokwisha kuzoeana na moto, na ulimi ambao wenzake walisema ungeweza kunyoosha suruali bila pasi. Walisema kwa utani, naye aliupokea utani huo kama sifa.

Alihamia kwenye jengo lao la ghorofa akiwa na binti mdogo na mume ambaye hakudumu. Juu yake waliishi Mwalimu, aliyefundisha jiografia shule ya jirani, na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Maua kwa sababu roshani yake ilikuwa imejaa vyungu hadi mtu alikosa pa kuweka mguu. Hawakujaliwa mtoto. Kila mtu kwenye jengo alilijua hilo na hakuna aliyelitaja.

Mama Pasi alikuwa akitoka kazini jua limeshainama, na mtoto alitoka shule mchana. Mama Maua hakuombwa. Siku moja alimkuta yule binti amekaa ngazini na begi lake, akamshika mkono, akapanda naye. Tangu hapo ikawa desturi. Mtoto alikula huko, akafanya kazi zake za shule kwenye meza ya Mwalimu, akalala kwenye kochi mpaka mama yake alipokuja kumchukua akinuka wanga na mvuke. Alimwita Mama Maua "mama wa juu", na mama yake mzazi akawa "mama wa chini", na hakuna aliyeona ubaya. Siku za mapumziko wanawake hao wawili walikaa roshani, Mama Pasi ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, Mama Maua akipuliza maji kwenye maua yake ya okidi kwa kichupa, wakiangua vicheko hadi Mwalimu apaze sauti kutoka ndani: "Jamani, kuna mtu anasahihisha mitihani humu."

"Sahihisha taratibu, baba," mkewe alimjibu, "watoto wa watu hao."

Miaka ikaenda. Binti akakua, akasoma, akaolewa, akahamia mbali. Mama Pasi akabaki peke yake, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, akaanza kuchukua mashuka ya nyumba ya wageni na kuyafua nyumbani siku zake za mapumziko. Aliyaanika uani, kwenye kamba zilizopita chini ya roshani ya juu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Maji ya vyungu yalikuwa yakidondoka. Mara mbili Mama Pasi alisema kwa upole, na mara zote mbili Mama Maua aliomba radhi na kuweka visahani chini ya vyungu. Lakini visahani navyo vilifurika. Mara ya tatu, Mama Pasi alikuwa ameanika mashuka meupe pe, ya kupelekwa jioni ileile. Akaingia ndani kunywa chai. Aliporudi, shuka la katikati lilikuwa na michirizi ya kahawia toka juu hadi chini, na tone jingine linaning'inia kwenye ukingo wa roshani likijiandaa kushuka.

Alilivuta lile shuka kwenye kamba, akapanda nalo ngazi likiwa bado linachuruzika, akagonga mlango. Mama Maua alifungua, kichupa chake mkononi.

"Jirani, tazama."

"Jamani. Nisamehe, jirani yangu. Lete, nitalifua mwenyewe sasa hivi."

Angelimpa lile shuka, yangeishia hapo. Lakini Mama Pasi alikuwa amechoka, na milango ya majirani ilikuwa imeanza kufunguka, na alipoona amepata wasikilizaji, ulimi ukashika moto.

"Ulifue wewe? Utapata wapi muda? Sisi wengine mikono hii imelea mtoto mpaka akaolewa. Mtu aliyekosa mtoto wa kulea ndiye anayekaa kutwa kulea majani."

Mahali fulani mlango ulifungwa polepole. Mama Maua alimtazama usoni, akalitazama shuka, kisha akasema, "Nimesikia, jirani," akarudi ndani na kufunga mlango bila kuubamiza.

Kabla hajafika kwake, Mama Pasi alikwisha kukumbuka ni kochi la nani ambalo binti yake alilalia utoto wake wote. Alisimama na lile shuka kifuani, nguo zimemlowa. Kurudi juu kulihitaji ngazi chache tu. Akajiambia: nikirudi sasa hivi, wale waliosikia watanicheka. Nitakwenda kesho.

Kesho hakwenda. Keshokutwa pia hakwenda, na baada ya wiki kadhaa ikawa hajui aanzie wapi. Kitu kimoja alikiona: matone yalikoma. Akiinua macho uani, aliona roshani ya juu inapungua vyungu, leo hiki, kesho kile, mpaka pakabaki patupu, saruji na kamba ya nguo. Mama Pasi alilitafsiri hilo kwa namna iliyompa nafuu. Amenuna, alisema moyoni. Ametupa maua yake ili nionekane mbaya. Shauri yake.

Walipokutana ngazini, Mama Maua ndiye aliyetangulia kusalimu. "Habari za kazi, jirani."

"Nzuri," Mama Pasi alijibu, akiujibu ukuta.

Wakaishi hivyo, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja akisikia nyayo za mwenzake. Kisha nyayo za juu zikaanza kuwa za mtu mmoja. Siku moja alimwona Mwalimu akishuka na mfuko wa hospitali, khanga imechomoza juu yake. Alimpa pole, akauliza hali ya mgonjwa, akaambiwa yuko wodini na anaangaliwa. Akasema atakwenda kumwona. Alisema kwa dhati kabisa. Alifikiri ni vizuri amwache kwanza apate nguvu, arudi nyumbani, kisha yeye apande juu na kitu mkononi, wakae roshani, ayatoe yaliyo moyoni bila manesi kusikiliza. Akawa anapanga maneno yake huku akipiga pasi.

Mama Maua hakurudi nyumbani.

Binti wa Mama Pasi alipiga simu akilia. Alipotulia aliuliza, "Mama, uliwahi kwenda kumwona?"

"Nilikuwa najiandaa."

"Kujiandaa na nini, mama?"

Suti nyeusi ya Mwalimu ya mazikoni ililetwa pale dukani, na aliinyoosha yeye mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, akairudia mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Mtu wa kutoa madoa aliyekuwa akifanya naye kazi, mzee mmoja mpole aliyeitwa Mzee Madoa, alimwona anavyoikandamiza, akamwambia, "Mama Pasi, hiyo suti imenyooka tangu asubuhi." Akaiacha.

Baada ya msiba kupoa, asubuhi moja akienda kazini, aliona karibu na mapipa ya taka ya jengo lao chungu cha udongo kimelazwa ubavu. Ndani yake kulikuwa na okidi. Ama tuseme kulikuwa na kilichokuwa okidi. Majani yote yalikuwa yamedondoka isipokuwa moja, nalo limekunjamana na kupata umanjano. Kitovu cha mmea, pale majani mapya hutokea, kilikuwa cheusi na laini. Kile chungu kilikuwa kizito kwa maji, na harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo.

Alikijua kile chungu. Alikumbuka kilipokaa, upande wa kulia wa kiti chake pale roshani. Kwa hiyo hakuyatupa, aliwaza. Alikuwa nayo ndani muda wote. Halafu akamwaga maji, akakitia chungu kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nacho kazini.

"Umeleta nini?" Mzee Madoa aliuliza, pua ameikunja.

"Okidi."

"Mimi naona kabichi iliyokufa maji."

"Basi usiile."

Wakati wa chakula cha mchana alikwenda kwa mwanamke mmoja aliyeuza miche kando ya barabara, nyuma ya kituo cha mafuta. Yule muuza miche aliuchomoa mmea kwenye chungu bila huruma, akaugeuza juu chini, akabinya mizizi kwa kidole gumba. Ganda la mizizi lilichomoka kama soksi, likabaki uzi mwembamba.

"Umekuja kuuzika au kuuponya?"

"Kuuponya, kama inawezekana."

"Aliyeufanya hivi aliupenda sana," muuza miche alisema. "Hawa hawafi kwa kiu upesi. Wanakufa kwa maji. Mtu ana huzuni, anamwagilia. Ana furaha, anamwagilia. Mizizi inataka kupumua, haipati nafasi." Akamwonyesha mzizi mmoja, kidogo tu, ambao ulipobinywa ulikataa kubonyea. "Huu ndio uliobaki. Kata mingine yote, kata hapo juu penye weusi mpaka uone ukijani. Mkasi uufute kwa spiriti kila ukikata. Vidonda vipake unga wa mdalasini, ila mzizi mzima usiuguse na mdalasini, utaukausha. Halafu uache wazi ukauke. Usiuonee huruma, usiunyweshe."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unakaa kimya. Wengi hawawezi hapo."

Mama Pasi alirudi na magome ya mti yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa, na kikopo kidogo cha plastiki chenye matundu. Alifanya upasuaji wake kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya gazeti, kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Kila alipokata alifikiri ameumaliza. Aliposhika mkasi mara ya mwisho, pale kitovuni, aliufuta kwa spiriti mara mbili kabla ya kukata. Kilichobaki kilikuwa kisiki chenye jani moja na mzizi mmoja, kimepakwa unga wa kahawia.

"Sasa umekuwa kitafunwa cha chai," alisema Mzee Madoa. Lakini ndiye aliyemtafutia mahali pa kukiweka. Chumba chake kilijaa dawa za madoa, hakikufaa. Dirisha la chumba cha pasi ndilo lililofaa: jua halikuingia moja kwa moja, na mvuke wa bomba ulipita hapo ukiitia hewa unyevunyevu bila kulowesha kitu. Wakakiweka hapo, kati ya kopo la wanga na redio isiyofanya kazi.

Wiki zikapita, miezi ikapita. Kisiki hakikufa, wala hakikufanya lolote. Lile jani la mwisho likawa njano kabisa, likadondoka lenyewe, na siku hiyo Mama Pasi alikunja uso hata wateja wakaogopa kuulizia nguo zao. Mzee Madoa alitaka kusema neno la utani, akalimeza. Mama Pasi hakukitupa. Alikitilia maji kwa kijiko pale tu magome yalipokauka kabisa, tena pembeni, akajizuia hata siku ambazo mikono ilimwasha kumimina.

Asubuhi moja alipofungua dirisha aliona ubavuni mwa kisiki, chini karibu na ule mzizi, nundu ya kijani isiyozidi punje ya mahindi. Alidhani ni uchafu. Akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ngumu, imeshika. Alikaa kitako kwenye kiti cha wateja, akaitazama.

Punje ikawa kijijani. Kijijani kikawa jani, na chini yake kikatokea kimzizi chenye ncha ya kijani na mwili wa rangi ya fedha, kikitafuta mkaa wa kushika. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Mama Pasi aliimba kazini, na wenzake waligundua kwamba hawezi kuimba.

Wakati wote huo Mwalimu alikuwa akiishi juu yake peke yake. Alimsikia akitembea kutoka chumba hadi chumba, akisimama, akirudi. Akikutana naye ngazini waliulizana hali, na hali ilikuwa nzuri kila siku, kama inavyokuwa hali ya watu ngazini. Jioni moja Mwalimu alisimama badala ya kupita. Alishika kikingio cha ngazi.

"Mama Pasi, samahani. Kuna chungu nilikitupa pale kwenye mapipa, zamani kidogo. Cha udongo. Wazoa taka walikichukua?"

"Kilikuwa na nini?"

"Mmea wa marehemu. Ulikuwa umekufa, lakini..." Alitafuta neno. "Nilifanya haraka. Huwa naamka nawaza, labda nisingefanya haraka."

Alikuwa na jibu mdomoni. Lakini akawaza kile kisiki dirishani, majani mawili madogo kama masikio ya panya, kikopo cha plastiki. Nitampa mtu aliyefiwa kitu kama hicho? Aone nini? Akawaza maua meupe yenye moyo wa zambarau, yaliyopangika kwenye kikonyo kama alivyoyakumbuka. Ngoja kichanue. Nitampandishia siku hiyo, nitabisha hodi, nitamkabidhi. Hapo nami nitakuwa na uso wa kuingia mlango ule.

"Nadhani walikichukua, Mwalimu," alisema.

"Ndiyo. Lazima walikichukua." Akapanda, akishika kikingio kila hatua.

Haukupita muda mrefu, mpwa wa Mwalimu, mtoto wa dada yake, alikuja na gari la mizigo. Mjomba wake alikuwa amesahau jiko likiwaka, na mara nyingine alikutwa amekaa roshani akinyeshewa na mvua. Walimhamisha siku ambayo Mama Pasi yuko kazini. Aliporudi alikuta mlango wa juu umefungwa kufuli na ngazi ina vipande vya sponji ya magodoro. Akasimama pale akiwa na mkoba wake begani. Ilikuwa mara ya pili amengojea wakati mzuri, na mara ya pili mtu ameondoka kabla haujafika.

Okidi ilichanua msimu wa pili baada ya hapo. Ilianza na kikonyo kilichotokea kwapani mwa jani, kikainuka taratibu, kikafunga matumba, kisha tumba la kwanza likafunguka siku ambayo duka lilikuwa na foleni hadi mlangoni. Jeupe, moyo zambarau. Wateja waliuliza kama linauzwa. Mzee Madoa alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo kama mtu aliyeingia nyumba ya heshima.

"Utampelekea mwenyewe?" aliuliza.

"Nitampelekea."

"Usisubiri yote yafunguke, basi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, akarudi kwenye madoa yake. Mama Pasi alivua aproni, akaomba ruhusa.

Alipata namba ya mpwa kwa mlinzi wa jengo. Nyumba ilikuwa upande wa pili wa mji, na alisafiri huko amekipakata chungu, kile kile cha udongo, alichokisugua na kukitoboa matundu zaidi, kikonyo amekifungia kijiti kwa uzi wa kushonea vifungo. Mke wa mpwa alimkaribisha, akamwonyesha chumba cha nyuma. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa shati lisilopigwa pasi vizuri, jambo ambalo Mama Pasi aliliona kabla ya kuona jinsi alivyopungua.

"Mama Pasi," alisema. Alimkumbuka, akafurahi. Akakitazama kile alichoshika. "Maua mazuri. Ni ya aina gani?"

Mama Pasi alidhani anatania. "Ni yale, Mwalimu."

"Yapi?"

"Ya Mama Maua. Chungu ulichokitupa. Nilikiokota mimi."

Mwalimu alisogeza kiti karibu. Alinyoosha kidole, akagusa petali moja kwa nyuma, kama mtu anayegusa shavu la mtoto mchanga.

"Yalikuwa meupe," alisema. "Alikuwa akiniita. Njoo uone, leo limefunguka moja. Nami nasema nakuja, ngoja taarifa ya habari iishe. Sikuwahi kujua yana rangi hii katikati." Akainua macho. "Kwa nini hukuniambia, siku ile ngazini?"

"Lilikuwa kisiki. Niliona aibu kukupa kisiki."

"Ningekipokea kisiki," alisema Mwalimu. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Mke wa mpwa alileta chai, akaweka, akatoka. Mama Pasi, kwa kutafuta pa kushika, akaanza kumweleza habari za maji: asimwagilie mpaka magome yakauke, asitie maji kitovuni, muuza miche kasema hufa kwa kuoza.

"Nilikuwa namwagilia kila siku baada ya yeye kuondoka," Mwalimu alisema. "Sikujua kitu kingine cha kufanya. Lakini kuoza kulianza kabla yangu. Kulianza alipoyahamishia bafuni."

"Bafuni?"

"Aliyahamisha yote. Alisema maji yanakuharibia kazi, na wewe unaishi kwa kazi hiyo. Nikamwambia, mke wangu, bafuni hakuna mwanga wala upepo. Akasema yatazoea. Yakaanza kufa moja moja. Hili ndilo lililobakia."

Kikombe kilikuwa njiani kuelekea mdomoni kwa Mama Pasi. Alikirudisha mezani. Miaka yote ile alikuwa akiitazama roshani tupu na kuona kisirani, kumbe alikuwa akitazama adabu.

"Hakukwambia neno jingine?" aliuliza. "Kuhusu siku hiyo?"

"Neno gani? Alisema tu umelalamika maji, na una haki." Mwalimu alimwangalia. "Kulikuwa na neno jingine?"

Mama Pasi alijaribu kusema. Alimwona mzee na shati lake lenye mikunjo, na mkono wake ukiwa bado kwenye petali. Yule aliyelisikia lile neno alilibeba mwenyewe, akalificha kwa mumewe, akaondoka nalo. Kulifukua sasa na kulimwaga mapajani mwa mzee huyu aliyefiwa kungempunguzia nani uzito?

"Hapana," alisema. "Maji tu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Baadaye kidogo akasema, "Wewe ulikaa naye sana pale roshani. Mlikuwa mnacheka nini? Mimi niko ndani na madaftari, nasikia vicheko, wala sikuwahi kuuliza."

Basi akamsimulia. Alimsimulia jinsi Mama Maua alivyovipanga vyungu safu kwa safu na kuvifundisha kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe. Wewe wa nyuma, simama wima. Nani ataniambia mto huu unaanzia wapi? Halafu anakijia chungu kilichonyauka, anakitazama juu ya miwani isiyokuwepo, anasema: huyu atarudia darasa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani yake na kuifuta. Akaomba jingine. Mama Pasi akamsimulia la binti yake aliyekataa kwenda shule mpaka mama wa juu naye avae sare, na Mama Maua akashona kola ya sare, akaivaa juu ya gauni, akamsindikiza hadi getini mbele za watu.

"Na miaka ya mwisho?" Mwalimu aliuliza, amesogea mbele kwenye kiti. "Miaka ile ya mwisho mlikuwa mkiongea nini?"

Mama Pasi alitafuta. Alipekua kichwani kama mtu anayepekua mifuko ya koti kabla ya kulifua, akakuta salamu za ngazini na majibu yake mwenyewe, mafupi, yaliyoelekezwa ukutani.

"Miaka ya mwisho sikuwa karibu naye, Mwalimu."

"Hata mimi," alisema Mwalimu, "na tulikuwa tukilala kitanda kimoja."

Mama Pasi alipoaga, alitaka kumnyoosha lile shati kabla ya kuondoka, na mke wa mpwa, kwa haya kidogo, akamtafutia pasi.

Okidi ilibaki kule. Maua yalidondoka kama ilivyo kawaida yake, na Mwalimu akapiga simu kwa hofu akidhani ameyaua tena. Mama Pasi akamweleza, akamtuliza, na siku za mapumziko, kazi ikiruhusu, humtembelea. Mwalimu sasa huuliza kabla ya kumwaga hata kijiko. Binti wa Mama Pasi, ambaye alikuja kuambiwa habari yote, neno lile la ngazini likiwemo, alimwambia mama yake amweleze Mwalimu ukweli, yeye mwenyewe atapata nafuu.

"Mwalimu simdai radhi wala hanidai," Mama Pasi alimjibu. "Wa kuombwa keshaondoka. Nilikuwa nakaa chini yake, mwanangu. Nilikuwa namsikia akivuta kiti, na sikupanda."